Mgonjwa hamezi dawa, halafu bonasi ya daktari ikatwe: ni haki?

#1 Mzee wa MTUHA

Salaam wakuu,

Hoja inarudi rudi humu kwamba madaktari na wauguzi wa serikali walipwe kwa matokeo: mgonjwa akipona mlipe, asipopona akale jeuri yake. Wengi wanaoiunga mkono wamewahi kukalishwa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kwa hiyo siwalaumu. Ila wanaijadili kana kwamba haijawahi kujaribiwa. Imejaribiwa, tena hapa hapa Pwani, na wakati huo nilikuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja mkoani humo. Sasa nimestaafu, sina bosi wa kumwogopa, acha niseme.

Mwaka 2011 mkoa wa Pwani uliingizwa kwenye majaribio ya malipo kwa ufanisi, wenyewe tukiita P4P, kwa fedha za Norway. Kila miezi sita takwimu za kituo zinahakikiwa, mkifikia malengo mnalipwa. Kwa zahanati na vituo vya afya, robo tatu ya fedha iligawanywa kwa watumishi na robo ikabaki kituoni kwa ajili ya dawa, vifaa na ukarabati mdogo. Mkitimiza kila kitu, nyongeza ya mtumishi ilikuwa kama asilimia 10 ya mshahara. Utajiri haukuwepo, lakini ada ya shule inapunguzika.

Malengo yenyewe yalihusu mama na mtoto: wangapi wamejifungulia kituoni, wangapi wamepata dozi mbili za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, chanjo, huduma baada ya kujifungua, partografu, yaani chati za kufuatilia uchungu wa kuzaa, zimejazwa vizuri au la. Sasa ziangalieni kazi hizo kwa kuuliza nani ana usukani. Partografu, kalamu iko kwa mkunga. SP, mama yuko mbele yako, dawa ikiwepo unampa na anaimeza ukimwona. Lakini kujifungulia kituoni? Uamuzi ule hufanyika saa tisa usiku ndani ya nyumba ambayo mkunga hajawahi kuingia, baina ya mama mkwe, mume na dereva wa bodaboda anayetaka hela yake kwanza. Kwa uamuzi huo, mimi wa zahanati nakatwa au napewa.

Kujifungulia kituoni na SP, yote mawili yalipanda. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipoilinganisha Pwani na wilaya za Morogoro na Lindi ambazo hazikuwemo kwenye mpango, waliona kujifungulia vituoni kumeongezeka kwa pointi 8.2 za asilimia kuliko huko, na SP dozi mbili kwa 10.3. Kwa hiyo mtumishi anayejitetea "wagonjwa hawataki, nifanyeje" hasemi kweli yote. Kina mama wengi walikuwa hawaji kwa sababu yetu sisi: usiku mlango una kufuli, mchana tunawaagiza glovu na wembe, na katikati tunawafokea. Hela ilipowekwa mezani, kufuli ikafunguka. Hata wanaolipishwa ili wajifungue walipungua.

Sasa haki iko wapi? Malipo ya mwanzo yalienda zaidi kwenye vituo vinavyohudumia watu wenye afadhali ya maisha. Mtu anayeishi kando ya barabara ya lami na ana simu na nauli, anafika. Wa kwenye delta ya Rufiji anasubiri mtumbwi na maji yajae. Mkunga wa lami na mkunga wa delta wamefanya kazi ileile, pengine wa delta zaidi, bahasha hazifanani. Pengo hilo lilipungua kadiri muda ulivyokwenda, hilo nalo niliseme ili nisionekane nachagua takwimu.

Msimamo wangu: mtumishi alipwe kwa kile kilichomo mikononi mwake, yaani kupima, kueleza, kutoa dawa sahihi, kumfuatilia aliyepotea. Kupona na kutopona kupimwe pia, lakini kwa kukilinganisha kituo na chenyewe cha mwaka jana, kisilinganishwe na jirani. Na mgonjwa anayekataa asihesabike dhidi ya daktari, ila kukataa kwake kuwe na ushahidi.

Karibuni, tupingane kwa hoja.

#2 Bwana Hesabu

Mzee heshima yako. Shida ya kulipa kwa kitendo ni kwamba utapata vitendo. Partografu zitajazwa asubuhi wakati mtoto kashazaliwa usiku, zote zimenyooka kama zimepigwa rula. Kila chati nzuri, halafu mama anatoka pale hajui hata kama presha yake ilipimwa. Matokeo ni magumu kuyapika: mtoto yupo hai au hayupo.

#3 Kiroboto

Wauguzi wenye midomo wakatwe kwanza, mengine baadaye.

#4 Dada wa Sindano

@Kiroboto midomo hiyo ndiyo inayohesabu mapigo ya moyo ya mwanao saa kumi alfajiri, mko wodini na muuguzi mmoja kwa wazazi kumi na mbili. Tusonge.

@Bwana Hesabu, matokeo hayapikwi? Usinichekeshe. Mgonjwa aliyezidiwa unampa rufaa haraka haraka akafie kwa wenzako, takwimu yako inabaki safi. Niliona hilo kabla ya bonasi yoyote, sembuse ukiweka hela juu yake.

Kuna jambo Mzee amelipita, na linaniuma. Lengo la "kina mama wajifungulie kituoni" likishuka kutoka juu, halikai kwetu tu, linateremka hadi kwa mama mwenyewe. Kuna vijiji vilivyotunga sheria ndogo ya kumtoza faini mama aliyejifungulia nyumbani. Mwingine anakuja kliniki kumwanzishia mtoto kadi anaambiwa alete risiti ya faini kwanza. Matokeo yake haji kabisa, mtoto anakosa chanjo. Tukisema "wajibu wa mgonjwa", tujue wajibu huo huwa unamwangukia nani: mwenye uchungu wa kuzaa na asiye na nauli. Mume aliyekuwa na uamuzi hatozwi kitu.

#5 Sukari Tamu

Nasoma kimya muda mrefu, leo nachangia kwa sababu mimi ndiye huyo "mgonjwa hamezi dawa".

Nina kisukari miaka mingi. Daktari wangu mtu mzuri, ila kila nikienda wimbo ni uleule: punguza ugali, kula mboga, samaki, tembea. Sawa. Nyumbani ugali ndio unaonunulika kwa watu saba, samaki ni wa sikukuu. Vijiti vya kupimia sukari bei yake naijua mimi na Mungu wangu, kwa hiyo napima siku nikihisi vibaya. Dawa zikikatika hospitali naandikiwa nikanunue nje, nanunua nusu dozi.

Halafu kwenye faili inaandikwa "mgonjwa hafuati masharti". Nani alikuja kuniuliza masharti yapi nimeshindwa na kwa nini?

Sipingi kwamba nina wajibu. Kuna miezi nimezembea kwa uvivu wangu, soda ni soda. Ninachokataa ni daktari kulipwa kwa sukari yangu kushuka, maana najua kitakachofuata. Siku nikiwa nimechelewa kliniki mara mbili ataniona mimi ndiye namla mshahara. Atanipa rufaa ya kudumu.

#6 Mbeba Boksi

Wakuu, kwa salamu kutoka Leeds. Mimi si daktari, nipo mapokezi kwenye kliniki ya madaktari wa familia, huku wanawaita GP. Mnayoyajadili ndiyo yanayonilipia pango la nyumba kila mwezi, kwa hiyo niwape picha.

Uingereza walianza mwaka 2004, mpango unaitwa QOF. Kliniki inakusanya pointi, mwanzoni zilikuwa 1,050, na kila pointi kwa kliniki ya wastani ililipwa kama pauni 75 mwaka wa kwanza. Serikali ilibajeti ikidhani madaktari wangepata kama asilimia 75 ya pointi. Wakazoa zaidi ya asilimia 90. Hazina ilishika kichwa.

Kuhusu mgonjwa anayekataa, walimwekea mlango wake. Mgonjwa ukimwita mara tatu ndani ya mwaka asije (tangu 2019 zinatosha mara mbili), au akija akasema dawa hiyo sitaki baada ya kuelezwa, kliniki inaruhusiwa kumtoa kwenye hesabu. Vilevile aliye mahututi, au aliyefikia kiwango cha juu cha dawa na bado presha haishuki. Anaendelea kutibiwa kama kawaida, anaondolewa kwenye asilimia tu. Barua hizo za kumwita nazituma mimi, ndiyo maana najua.

Watu walitabiri madaktari wangeutumia mlango huo kutupa wagonjwa wagumu. Mwaka ule wa kwanza kliniki ya katikati iliondoa kama asilimia 6 ya wagonjwa, na zilizoondoa zaidi ya asilimia 15 zilikuwa kama moja katika kila mia. Wizi ulikuwepo, ila haukuwa mafuriko. Na kama alivyosema Mzee kuhusu Pwani, kliniki za mitaa ya kimaskini zilianza nyuma kwa pointi 4 za asilimia, mwaka wa tatu pengo likabaki chini ya 1.

Scotland waliufuta mpango mwaka 2016. England bado upo, umepunguzwa makali.

Sasa uzuri wake na ubaya wake vyote nimeviona kaunta. Mgonjwa anaingia analia, mumewe kafariki, na kompyuta ya daktari inamulika kikumbusho: hajapimwa presha, muulize kama anavuta sigara. Daktari mwenye utu anakifunga kile kikumbusho. Mwingine anauliza.

#7 Mzee wa MTUHA

@Mbeba Boksi ahsante sana, umenirahisishia. Niongeze kitu kimoja kwenye hiyo QOF ambacho watu wengi hawakigusi, na kwangu ndicho chenye akili kuliko hata ule mlango wa kumtoa mgonjwa.

Kwa mgonjwa wa kisukari, waliweka kipimo cha sukari ya miezi mitatu kiwe asilimia 7.4 au chini yake. Lakini kliniki haikutakiwa ifikishe wagonjwa wote hapo. Malipo yalianza wakifika robo ya wagonjwa, na yakakomea wakifika nusu. Ukifikisha nusu umepata pointi zote. Kwa presha, isiyozidi 150/90, kikomo kilikuwa asilimia 70. Maana yake waliotunga walikubali tangu mwanzo kwamba hata daktari bora duniani, nusu ya watu wake wa sukari hawatafika pale, kwa sababu ya ugali, umri, dawa, uvivu, msiba, chochote. Nafasi ya mgonjwa kuwa binadamu ilikatwa humo humo kwenye fomula, bila kumtafuta nani mkaidi.

@Sukari Tamu kwa mpangilio ule daktari wako hana sababu ya kukuogopa wewe mmoja. Kwa mpangilio wa "kila mgonjwa aliyeshindwa ni hasara" angekuogopa, na ungekuwa na haki ya kumwogopa pia. Mimi watu wakisema "lengo asilimia mia moja" huwa nashika kiti.

@Bwana Hesabu kuhusu kupika, nakupa nusu ya haki. Partografu za rula nimeziona. Lakini dawa yake ni mhakiki anayekwenda nyumbani kwa kina mama wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu na kuwauliza. Mama anakumbuka kama alipimwa.

#8 Bwana Hesabu

Mzee umejibu vizuri lakini bado unailea sana mikono ya daktari. Niende Marekani kidogo.

Tangu Oktoba 2012, bima ya wazee kule, Medicare, inazikata hospitali ambazo wagonjwa wao wanarudi kulazwa ndani ya siku 30. Walianza na moyo kushindwa kazi, shambulio la moyo na nimonia. Makato yalianza kikomo asilimia 1 ya malipo, yakapanda hadi 3. Na mkumbuke, hayo ni matokeo, hayapo mikononi mwa daktari: mgonjwa karudi nyumbani, kala chumvi, hakununua dawa, kalala nje.

Unajua kilichotokea? Hospitali ambazo zamani zilikuwa zinamsukuma mgonjwa mlangoni na karatasi ya dawa, zikaanza kumpigia simu baada ya siku mbili, kumwekea miadi ya kliniki kabla hajatoka, nyingine kumtuma muuguzi nyumbani. Wangefanya hayo kama mngewalipa kwa "kumweleza mgonjwa"? Wangetiki kisanduku cha "ameelezwa" na kuendelea na shughuli zao. Ukimkata mtu kwa jambo ambalo nusu haliko mikononi mwake, atanyoosha mkono wake ufike mbali zaidi. Ndiyo faida ya matokeo.

#9 Dada wa Sindano

Malizia basi hadithi. Hospitali zipi zilikatwa zaidi?

#10 Bwana Hesabu

Haya, namalizia. Zilizokatwa zaidi zilikuwa hospitali kubwa za kufundishia na zile zinazopokea maskini. Kelele zilipigwa miaka kadhaa, Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2016, na kuanzia mwaka wa fedha 2019 hospitali zinagawanywa makundi matano kufuatana na wingi wa wagonjwa maskini, kila moja inalinganishwa na wenzake wa kundi lake. Kwa hiyo tatizo lilionekana na likarekebishwa bila kufuta kipimo cha matokeo. Ndicho ninachotaka.

#11 Dada wa Sindano

Likarekebishwa baada ya miaka sita ya kuzikata hospitali za maskini. Sawa.

#12 Mtu wa Gisenyi

Habari zenu, mie niko Gisenyi. Rwanda tulianza kuueneza mfumo huu nchi nzima mwaka 2006, naona mmezunguka Ulaya na Amerika mkaturuka jirani zenu.

Kwetu kituo kinalipwa kwa kila huduma, kisha jumla inazidishwa na alama ya ubora. Ubora ukiwa nusu, hela nusu. Wakati wa kuanza waliutafiti vizuri: vituo vilivyosubiri zamu yao vilipewa fedha za kiasi kilekile bila masharti, ili isije kusemwa ni wingi wa hela tu. Kujifungulia kituoni kulipanda kwa asilimia 23. Lakini mama kumaliza mahudhurio manne ya kliniki, hakuna kilichobadilika. Chanjo kamili pia hapana.

Kwa nini? Angalieni bei. Mama akijifungua kituoni, kituo kilipata dola 4.59. Akimaliza mahudhurio manne, dola 0.37. Na ili afikishe manne lazima aanze mapema, na kuanza mapema ni yeye aamue mimba ikiwa bado siri yake. Kwa senti hizo nani atapanda mlima kumtafuta? Kwa 4.59 watu walimfuata, waliongea na viongozi wa kijiji, walitumia wakunga wa jadi wamlete. Kwa hiyo naona @Bwana Hesabu na @Mzee wa MTUHA wote mna kweli kidogo. Kama unataka daktari abebe sehemu ya uamuzi wa mgonjwa, mlipe gharama ya kubeba.

Ila ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, huko Haut-Katanga, walijaribu kulipa vituo kwa wingi wa huduma. Watumishi walijituma kuwaita watu, hata bei wakashusha. Watu hawakuongezeka. Kipato cha kituo kikashuka, na moyo wa kazi nao ukashuka. Mtu aliitikia motisha kabisa, mgonjwa hakuja, hasara ikawa yake.

#13 Kiroboto

Hii ya Katanga imeniuma hata mimi.

#14 Sukari Tamu

Mtu wa Gisenyi umegusa penyewe: mlipe gharama ya kubeba. Mimi nikiacha kliniki miezi minne, hakuna aliyewahi kunipigia hata simu. Nikirudi nakuta faili limefungwa na maneno ya kejeli juu.

Swali langu kwa Mzee. Umesema mgonjwa anayekataa asihesabike dhidi ya daktari, kuwe na ushahidi. Kule Leeds barua zinatumwa nyumbani. Hapa kwetu barua inatumwa kwa nani? Namba ya simu niliyoandikisha ilikuwa ya shemeji, kashahama. Daktari akisema "nilimwita mara tatu hakuja", nani atasema hapana? Mlango huo huku kwetu utakuwa wa kututupia.

#15 Mzee wa MTUHA

Swali zuri, na nakiri barua za Leeds hazisafiri hadi Ikwiriri.

Ninavyoona mimi, kumtoa mgonjwa kwenye hesabu kuwe na gharama kidogo. Kwanza, asitolewe na aliyemtibu peke yake. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii aende hadi nyumbani, aandike alichoambiwa na mgonjwa mwenyewe kwa maneno yake: nauli, dawa hakuna, nimechoka, naenda kwa mganga wa kienyeji, sitaki. Pili, kila robo mwaka idadi ya waliotolewa na sababu zao, bila majina, isomwe kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wananchi ndani yake. Kituoni ikionekana sababu ya "nauli" imejirudia mara thelathini, hilo si kosa la daktari wala la mgonjwa, ni hoja ya kupelekwa halmashauri. Tatu, kituo kikitoa wengi kupita kiasi kilichokubaliwa, tuseme mmoja kati ya kumi, mhakiki anakwenda kuwatembelea hao hao waliotolewa.

Na aliyerudishwa kliniki baada ya kupotea, kituo kilipwe kwa ajili yake zaidi ya mgonjwa wa kawaida anayekuja mwenyewe. Sukari Tamu mmoja aliyepotea miezi minne akarudi, kwangu ni kazi kubwa kuliko wagonjwa watano wanaokaa mtaa wa pili na hawakosi miadi.

#16 Bwana Hesabu

Hapo kwenye aliyerudishwa nakubali bila ubishi. Hicho ni kitendo na ni matokeo kwa wakati mmoja. Ila mtakuta wagonjwa "wanapotea" kwa makusudi ili "warudishwe". Wekeni kikomo, mtu mmoja alipiwe mara moja kwa mwaka.

#17 Dada wa Sindano

Kikomo sawa. Mimi nauliza la msingi: pikipiki ya kwenda kumtafuta itawekwa mafuta na nani? Mhudumu wa jamii kwetu anatembea kwa mguu, na posho yake inachelewa mpaka anasahau ni ya mwezi gani. Mkimwongezea kazi ya kusaka waliopotea bila hela, ataandika "hayupo" akiwa amekaa chini ya mwembe.

#18 Mzee wa MTUHA

Ile robo inayobaki kituoni. Wakati wetu tulikuwa tunanunulia sabuni, mapazia na rangi ya ukuta, kwa sababu mkaguzi akija huviona. Sehemu yake iandikwe kwenye mkataba kabisa kuwa ya mafuta na posho ya ufuatiliaji, ilipwe kabla bonasi ya mtumishi yeyote haijagawanywa, mganga mfawidhi akiwemo. Zahanati ikishindwa kulipa hilo, hakuna bahasha kwa yeyote kipindi hicho.

#19 Dada wa Sindano

Ukiandika "kabla ya bonasi", nasaini leo.